Sarafu, Jiwe la Kaburi na Moshi Kutoka Ardhini

REHEMA: Msikilizaji, karibu tena. Mimi ni Rehema, niko na kaka Idi, ambaye leo kaingia studio na sarafu mkononi.

IDI: Shilingi mia, hii hapa. Sasa dada Rehema, tuseme tumenunua ardhi pamoja, tunataka kuanzisha mji. Wewe wa Tanga, mimi wa Kigoma, kila mtu anataka jina la kwao. Tunafanyaje?

REHEMA: Tunazozana mpaka wazee waingilie kati.

IDI: Basi Oregon, upande wa magharibi wa Marekani ya leo, mwaka 1845, hapakuwa na wazee wa kuingilia. Asa Lovejoy alitoka Massachusetts, akataka mji uitwe Boston. Mwenzake, Francis Pettygrove, alitoka Maine, akasema hapana, uitwe Portland, kama Portland ya kwao. Wakarusha senti moja, mara tatu. Pettygrove akashinda mbili.

REHEMA: Yaani Portland yote ile, jina limepatikana kama refa anavyoamua nani aanze mpira!

IDI: Na senti yenyewe ipo, imehifadhiwa mpaka leo. Ya mwaka 1835. Ila mimi ninayemwonea huruma ni William Overton. Yeye ndiye aliyekuwa mshirika wa kwanza wa Lovejoy. Alizitamani zile ekari 640, lakini hakuwa na senti 25 za kuandikisha.

REHEMA: Robo dola tu?

IDI: Robo dola. Lovejoy akamtolea, akachukua nusu ya ardhi. Baadaye Overton akaiuza nusu iliyobaki kwa Pettygrove, akashika njia.

REHEMA: Kaka, hapo nina neno. Ardhi hiyo waliiandikisha kwa nani? Maana Wachinook, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa wakiishi na kuvua kwenye mito ile tangu zamani.

IDI: Waliiandikisha kwa serikali ya muda ya walowezi wenyewe. Hata Marekani na Uingereza zilikuwa hazijakubaliana nchi ile ni ya nani, mpaka mkataba wa 1846.

REHEMA: Ndiyo maana hili neno "mwanzilishi" huwa linanikwama kooni. Haya, twende Arizona, huko kwenye makaburi.

IDI: Mwaka 1877, Ed Schieffelin alikuwa akitafuta madini kwenye ardhi ya Waapache, wenyeji wa asili wa Arizona. Askari wa kambi ya Huachuca wakamcheka: jiwe pekee utakaloliokota huko ni la kaburi lako.

REHEMA: Akaokota?

IDI: Fedha tupu! Machimbo yake ya kwanza akayaita Tombstone, yaani jiwe la kaburi, kuwakumbusha wale askari. Mwaka 1879 mji ukapimwa, ukachukua jina hilohilo. Mwaka uliofuata likaanzishwa gazeti, wakaliita Epitaph.

REHEMA: Ngoja, hayo si ndiyo maandishi yanayochongwa juu ya kaburi? Watu wale walikuwa na utani mbaya! Haya, na mimi nina mji wangu, ila huu hauna kichekesho. Nicodemus, Kansas, mwaka huohuo wa 1877. Waanzilishi wake ni Wamarekani weusi, wengi kutoka Kentucky, ambao miaka 12 tu nyuma wengine wao walikuwa watumwa. Waligawiwa vipeperushi vinavyosifia nchi ya neema.

IDI: Jina ni la yule Nikodemo wa kwenye Biblia?

REHEMA: Wapo wanaosema hivyo, wengine wanasema ni la mtumwa mmoja wa kwenye hadithi. Mimi nimevutwa zaidi na mama mmoja, Willianna Hickman, aliyefika na familia yake mwaka 1878. Njiani wanaume wakapaza sauti: Nicodemus ile pale! Akatazama, haoni nyumba. Akauliza uko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini.

IDI: Ardhini kivipi?

REHEMA: Ile nchi haina miti, mbao za kujengea utazitoa wapi? Watu walichimba vyumba kwenye udongo, wakaishi humo. Yule mama aliangua kilio.

IDI: Ungekuwa wewe ungegeuza.

REHEMA: Nauli ya kugeuzia ningeitoa wapi? Na majira ya baridi ya kwanza yalikuwa ya njaa, wawindaji wa Kiosage, nao wenyeji wa asili, wakapita wakawagawia nyama. Lakini walijikaza: makanisa, shule, maduka, magazeti. Wakasubiri reli. Mwaka 1888 reli ikapita ng'ambo ya mto.

IDI: Basi, mji umekwisha.

REHEMA: Wenye maduka walihama, wakaenda Bogue, huko ilikopita reli. Wengine wakabaki na mashamba yao. Siku hizi wakazi ni wachache sana, hata basi la abiria hawajazi. Ila kila mwaka, mwishoni mwa Julai, wajukuu na vitukuu wanarudi kutoka kila pembe ya Marekani. Wanapika, wanacheza, wanazuru makaburi.

IDI: Na hawaulizi tena Nicodemus uko wapi.

REHEMA: Weka shilingi yako mfukoni, kaka, nani kasema mji wetu tunaurushia sarafu uitwe Kigoma?