Ndimu 400 na kodi ya seva

Nimeulizwa tena lile lile: mfumo wa tiketi za boti unasuasua, tukodi seva kubwa zaidi? Jamani, subirini kwanza.

Mtu umemtuma sokoni Darajani ndimu 400. Anakwenda kuulizia zipo ngapi, anarudi. Anakwenda tena, anachukua moja, anarudi. Anakwenda kufuata ya pili. Safari 401! Magharibi inamkuta njiani, na wewe unamnunulia lori.

Ndivyo ifanyavyo programu yenu. Ukurasa wa abiria unaiuliza databezi (ghala la data) nani wamo safarini, zinarudi namba 400. Halafu kitanzi, yaani msimbo unaojirudia, kinauliza jina la kila abiria peke yake. Swali moja milisekunde 2, jumla 802, na hakuna aliyeshtuka. Ihamishie databezi ng'ambo, kwenda na kurudi milisekunde 40: ukurasa ule ule unakula sekunde 16, na prosesa imekaa tu inasubiri. Seva kubwa haifupishi bahari. Na ukipanda daraja moja, kwa kawaida bei inakuwa mara mbili, kila mwezi, kwa dola. Dawa ni JOIN, amri ya kuunganisha majedwali: safari, tiketi na abiria kwa swali moja.

Mtanambia, "Tumeangalia logi ya maswali mazito, haina kitu." Itakuwaje na kitu? Mmeiagiza iandike yanayozidi milisekunde 500, na mwizi wenu ana 2! Kama databezi yenu ni PostgreSQL, washeni pg_stat_statements, kiongezi kinachohesabu kila swali na muda wake (inataka databezi izimwe na kuwashwa, fanyeni usiku), mpange kwa total_exec_time, yaani jumla ya muda, si kwa wastani. Kisha mpange kwa calls, yaani swali limeulizwa mara ngapi, maana muda wa njiani haumo humo.

Wengine husema saa ya mtaalamu ni ghali kuliko seva. Kweli, kama mnaandika mfumo upya. Hii ni kazi ya alasiri moja. Kodi ya seva je, mnalipa alasiri moja?

Adhana imekaribia. Indeksi (faharasa ya kuipatia databezi mistari haraka) mbiombio: EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonesha swali linavyotekelezwa, ikionesha Seq Scan (kusoma jedwali zima) kwenye jedwali kubwa na mistari inayorudi ni michache, weka indeksi. Ukitafuta kwa lower(jina), yaani jina kwa herufi ndogo, indeksi ya jina haikusaidii. Jenga ya lower(jina). Msizirundike, kila moja inachelewesha kuandika. Na amri ya kuijenga ni CREATE INDEX CONCURRENTLY. Mkilisahau neno hilo la mwisho mkesha wa Idi, jedwali halipokei tiketi mpya mpaka ujenzi uishe, na foleni ya Pemba itakufuateni ofisini.