Kukata si Kukadiria

Walimu wenzangu, na wazazi mliofika jioni hii, karibuni.

Mtu akiniuliza shamba lina ukubwa gani, nikamjibu "ekari mbili na ushei", nimekadiria. Lakini neno "ushei" limemweleza kwamba ukubwa wenyewe umezidi mbili. Nikisema "saa tatu kasoro" ajue bado haijatimia. Lugha yetu inapokadiria, inataja na upande ambao kosa limeegemea. Darasani alama hiyo tunaitupa: 347 kwa makumi ya karibu ni 350, basi, tunafuta ubao.

Sasa twende Vancouver, Kanada. Januari 1982 soko la hisa la mji ule lilianzisha fahirisi ya bei, yaani namba moja inayoonyesha bei za hisa kwa ujumla zinapanda au zinashuka, kwa pointi 1,000. Kila hisa ilipouzwa, kompyuta ilikokotoa upya, karibu mara 3,000 kwa siku, na kubakiza nafasi tatu za desimali. Kubakiza vipi? Hapo ndipo penye kisa. Haikukadiria, ilikata. 540.3219 ikawa 540.321, ingawa 540.322 ndiyo iliyo karibu zaidi.

Ukikadiria, mara unapandisha, mara unashusha, na makosa yanafidiana. Ukikata, unashusha daima. Wastani wa kinachopotea ni 0.0005 tu kila mara. Zidisheni kwa 3,000, mnapata pointi moja na nusu kwa siku! Na jibu la jana ndilo lililoanzia hesabu ya leo, kwa hiyo upungufu ulirithiwa. Ijumaa moja ya Novemba 1983 fahirisi ilifunga kwa 524.811. Wakasahihisha hesabu mwishoni mwa juma, na Jumatatu ikafungua kwa 1,098.892. Miezi 22 watu walitazama soko likididimia, kumbe kinachodidimia ni desimali.

Hata kanuni yetu ya "5 inapanda" ina mwelekeo kama huo, kwa kiasi kidogo. Tano iko katikati kabisa, haiko karibu na upande wowote. Ndiyo maana programu nyingi za kompyuta huipeleka kwenye namba shufwa: 2.5 inakuwa 2, 3.5 inakuwa 4. Mtoto akikutana na jibu hilo kwenye kompyuta, tafadhali msimwambie mashine imekosea.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye madaftari ni kukadiria hatua kwa hatua. Mwanafunzi anapewa 2.446, atafute namba nzima ya karibu. Anaandika 2.45, halafu 2.5, halafu 3. Kila hatua ukiitazama peke yake ni sahihi, na jibu ni kosa, kwa sababu 2.446 haijafika nusu. Mimi huwaagiza wabebe desimali zote mpaka mstari wa mwisho, wakadirie mara moja, na pembeni mwa jibu waandike neno moja: "ushei" au "kasoro".