Malaika ya jani la pamba

Asanteni, kaeni tu hapo kivulini, mimi haya majani mawili ya pamba yananitosha. Hili lianze upande huu lizunguke, hili jingine lianze kule, alafu likikufikia ligeuze, upande wa chini uupitishe taratibu kwenye shavu, sio kwenye kidole, maana kidole cha mtu wa jembe kina sugu hakitasikia kitu. Umesikia? Moja linateleza, jingine linakwaruza kidogo kama ndevu za kijana zinazoanza kuota. Hayo ndio malaika, neno lilelile la vinywele vya mkononi vinavyosimama ukipigwa na baridi, na sioni sababu ya kutafuta neno jingine kwa ajili ya mmea.

Sasa chawajani kila mlima pamba anamjua, kadudu ka kijani, milimita 2 au 3 hivi, ukigusa jani kanakimbia kiupandeupande kama kaa. Kanakaa chini ya jani kanafyonza, jani linaanza unjano pembeni, linakuwa jekundu, linajikunja kuelekea chini, na anayepita barabarani anadhani shamba limeunguzwa na jua. Jike hatagi juu ya jani, anatoboa mshipa anaingiza yai ndani, kwa hiyo lazima kwanza aifikie ngozi ya jani. Hapo ndipo malaika yanapomshinda, yakiwa marefu na yamesongamana anajikuta anatembea juu ya kichaka na mkia wake wa kutagia haufiki chini. Yakiwa marefu lakini machache anapenya katikati, yakiwa mengi lakini mafupi anafika vilevile, lazima vyote viwili viwepo.

Na hili limefanyiwa kazi hukuhuku Afrika. Barberton, Afrika Kusini, miaka ya 1920, chawajani walikuwa wanaimaliza pamba, mtafiti Parnell na wenzake wakachagua miche iliyobaki imesimama wakati mingine imekauka, wakapata mbegu ya U4, na walipoichunguza vizuri wakakuta siri ni malaika. Kwetu Ukiriguru, pale Mwanza, watafiti nao wakachagua mbegu zenye malaika, na hiyo UK kwenye jina la mbegu ya UK91 ni Ukiriguru. Mimi hili linanigusa kwelikweli, maana mmea ulishajitengenezea kinga yake kabla hatujashika bomba la dawa.

Alafu pamba yenyewe, ile nyeupe mnayochuma, ni malaika pia! Kila unyuzi ni seli moja tu, moja kabisa, inaota kwenye ganda la mbegu kuanzia siku ua linapofunguka na inarefuka mpaka kama sentimita 3, na mbegu moja inabeba zaidi ya 10,000. Shati la pamba ulilovaa leo ni nywele za mbegu.

Ila msidhani yakizidi ndio vizuri zaidi. Nzi weupe wanapenda kutaga kwenye majani yenye malaika, na kwenye kuchambua, vipande vya jani la aina hiyo vinang'ang'ania kwenye pamba inachafuka. Kwahiyo mchagua mbegu anapima, huku unamzuia mmoja huku unamkaribisha mwingine.

Mimea mingine ina mbinu zake. Nyanya, shika shina lake sasa hivi uone vidole vinavyobaki na rangi ya kijani na harufu, malaika yake mengine yana kitone cha gundi kichwani na vidudu vidogo vinanasa miguu humo. Huko Mlima Kenya, juu ya mita 4,000, kuna lobelia inaitwa telekii ambayo mkungu wake wote wa maua umefunikwa manyoya marefu, huko baridi ya kugandisha inakuja karibu kila usiku na maua yamejificha mle ndani kama mtoto kwenye blanketi.

Naam, mama pale nyuma? Anauliza kwanini jani changa lina manyoya mengi kuliko jani kubwa la mche huohuo. Swali zuri sana hilo. Malaika yanaota jani likiwa bado dogo kabisa, alafu jani linatanuka na yenyewe hayaongezeki, yanaachana tu, kama maua ya kitenge ambacho kingekuwa kinavutika. Lete hilo jani mama, tulipime na la kileleni.