Taa za Mchana Zinakula Akiba Yetu: Mhadhara kwa Madiwani na Wahandisi wa Halmashauri

Waheshimiwa madiwani, wakurugenzi, wahandisi wenzangu, asanteni kwa kunialika. Faida za taa za LED, hizi mpya zinazokula umeme kidogo, sitazieleza, kabrasha mlilopewa limezieleza vya kutosha. Naingia moja kwa moja kwenye jambo ninalolisema kila kikao na bado halifanyiwi kazi: taa zinazowaka mchana.

Mmeziona. Hakuna humu ambaye hajapita chini yake saa sita, jua la utosini, taa inawaka juu ya nguzo na hakuna anayeshtuka. Mimi nashtuka.

Niliwahi kusimama kwenye barabara ya mji mmoja, jina nitaliacha, uliokuwa umetoka kuzindua taa mpya. Utepe umeshakatwa. Ilikuwa adhuhuri na laini nzima inawaka. Nikamwomba fundi apande, ateremshe ile sensa ya mwanga inayoamuru taa ziwake na zizime. Taa zilikuwa mpya, lakini sensa ilikuwa ile ile ya zamani. Mkataba ulisema badilisha taa, na mkandarasi akabadilisha taa, basi. Kifuniko chake cha plastiki kilikuwa cha kahawia kwa vumbi, na kinyesi cha ndege kimekaukia juu. Sensa haikuwa mbovu. Ilikuwa inaona giza, kwa hiyo ikawasha. Tuliifuta kwa kitambaa chenye maji, tukairudisha mahali pake, na baada ya dakika chache laini nzima ikazima.

Mbele kidogo tukafungua boksi la laini nyingine. Pale sensa ilikufa zamani, stoo hakukuwa na nyingine, na fundi akaunga nyaya moja kwa moja ili wananchi wasikae gizani. Fundi simlaumu hata kidogo. Taa ikizimika usiku, simu ya diwani inaita kabla hajamaliza chakula. Taa ikiwaka mchana, nani atapiga simu? Hakuna. Ndiyo maana kosa hili linadumu miaka.

Sasa tupige hesabu pamoja. Taa ya sodiamu, ile ya zamani yenye mwanga wa manjano, ya wati 250, ukijumlisha na kifaa chake cha kuwashia, inakula kama wati 275. Huku kwetu karibu na ikweta usiku ni saa kumi na mbili, masika na kiangazi. Hiyo ni yuniti 3.3 kwa usiku, yuniti 1,200 kwa mwaka. Weka LED ya wati 110 badala yake, mwaka unakula yuniti 480. Umeokoa 720. Ukichukulia nusu kilo ya hewa ya ukaa kwa kila yuniti inayotoka kwenye mtambo wa gesi, nguzo moja imepunguza kilo 360 kwa mwaka. Safi kabisa. Lakini taa hiyo hiyo mpya ikiwaka mchana na usiku, inakula yuniti 960. Akiba imebaki 240. Theluthi mbili ya ulichokopea fedha imeliwa na kifuniko cha plastiki chenye vumbi!

Halafu nyinyi mnaniuliza wati ngapi tununue. Ulizeni kwanza nani anazima.

Najua kuna atakayesema: umeme wetu sasa ni wa maji, Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, hewa ya ukaa inatoka wapi? Ndugu yangu, mgawo wa umeme wa 2006 umeusahau? Wa 2011? Wa 2022? Maji yakipungua tunakimbilia gesi ya Songo Songo na Mtwara. Na taa za barabarani zinawaka saa moja jioni, wakati kila nyumba inapika, inapiga pasi na kuangalia taarifa ya habari. Yuniti usiyoitumia saa hiyo ndiyo inayopunguza mzigo wa mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo. Na maji yaliyobaki bwawani leo ni umeme wa kiangazi.

Mwingine atasema Afrika tunachafua kidogo, tuwaachie wakubwa. Sawa, wakubwa wana deni kubwa na walilipe. Lakini ankara ya taa ya mchana hawailipi wao, inalipwa na ushuru wa mama muuza mboga sokoni.

Jambo la pili ni mita. Nyumbani kwako una Luku, mita ya kulipia umeme kabla, unajua zimebaki yuniti ngapi, na mtoto akiacha taa chooni unamfokea. Barabara ya mtaa wako inakula ngapi kwa mwezi? Swali hili nimewauliza wahandisi wengi, na wengi hunyamaza. Ukilipa kwa makadirio huwezi kujua kama umepunguza chochote, na benki haiwezi kukukopesha kwa akiba usiyoweza kuionyesha.

Los Angeles waliweza. Kati ya 2009 na 2013 walibadilisha taa zaidi ya 140,000, matumizi yakashuka kwa zaidi ya asilimia 60, tena wakati sehemu kubwa ya umeme wao ilitoka kwenye makaa ya mawe. Mkopo waliulipa kwa fedha walizookoa kwenye umeme na matengenezo. Hawakununua zote kwa mkupuo. Walizifanyia majaribio, wakanunua kwa awamu, na bei ikawa inashuka. Sisi tunanunua zote mwezi Juni, mwaka wa fedha unapoisha, kabla kifungu cha bajeti hakijafungwa.

Sola? Pale ambapo waya haujafika, ndiyo, wekeni. Lakini tengeni fedha za betri tangu siku ya kwanza, kwa sababu betri itakufa kabla ya nguzo, na nguzo za sola zilizokufa mnazipita kila siku. Hilo lingehitaji mhadhara wake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie na rangi ya mwanga, haraka haraka. Taa nyeupe kali inayoelekea buluu inaumiza macho na kuvuruga usingizi. Chama cha madaktari cha Marekani kilishauri mwaka 2016 miji isizidi kelvini 3,000. Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikishuka, mwanga unaelekea manjano. Kwa halmashauri za pwani, Pangani, Mafia, kusini ya Kigamboni, mna sababu nyingine: vitoto vya kasa vikianguliwa usiku hufuata mwanga, na taa ikiwa upande wa barabara vinaipa bahari mgongo. Kwenye zabuni andikeni kelvini 3,000 au chini yake, mwanga uelekezwe chini, sensa mpya kwa kila laini pamoja na za akiba za kuweka stoo, na mita kwenye kila boksi. Suala la kupunguza mwanga baada ya saa sita usiku sikulifikia, niulizeni kwenye maswali.