Gear: neno la Waskoti la mali, na hesabu yake baada ya madeni

Wazee wangu shikamooni, vijana wenzangu mambo zenu. Karibuni tena. Leo niko Edinburgh, mwanzoni mwa Princes Street, na jengo hili mnaloliona nyuma yangu, lenye kuba, ndimo zinamotunzwa nyaraka za taifa la Uskoti. Walianza kulijenga 1774, ramani akaichora Robert Adam. Upepo ni mkali, mtaniwia radhi kwa sauti, ila jambo la leo nilitaka nilizungumzie hapa hapa, kwa sababu ushahidi wake uko nyuma ya ukuta huu.

Nataka tuongee kuhusu neno moja la Kiskoti cha zamani: "gear". Kiskoti ninachosema ni ile lugha ndugu wa Kiingereza, siyo Kigaeli cha milimani. Kwenye karatasi za miaka ya 1500 utalikuta limeandikwa "geir". Na msiseme hamlijui, maana mnalo. Dereva wa daladala akiingiza gia, ni neno hilo hilo, limepita kwa Waingereza likatufikia sisi likiwa chuma ndani ya gari. Asili yake ni lugha ya Wanorse, watu wa kaskazini waliokuja na majahazi yao, na kwao lilihusu vitu vilivyotayarishwa, vifaa vya mtu. Lilipofika huku likapanuka. Likabeba silaha, lijamu za farasi, zana za kazi, nguo, vyombo vya ndani, mifugo, mpaka likawa mali yote ya mtu kwa jumla. Ukisema fulani ana gear, umesema ana uwezo, na mwenye uwezo alikuwa na pa kukaa mbele ya watu.

Silaha na mali kukaa kwenye neno moja kunaweza kuwashangaza, lakini kulikuwa na sababu. Mwaka 1318, miaka minne baada ya kuwapiga Waingereza pale Bannockburn, Mfalme Robert Bruce alikaa na bunge lake Scone wakapitisha sheria ya silaha. Iliandikwa kwa Kilatini. Ilisema mwenye mali ya pauni 10 awe na koti nene la vita, kofia ya chuma, glavu za vita, mkuki na upanga. Na yule mwenye mali ya thamani ya ng'ombe mmoja tu? Naye hakuachwa. Awe na mkuki mzuri, au upinde na mishale 24. Kwa hiyo mali yako ilikuwa ndiyo kipimo cha unachodaiwa na nchi. Huwezi kujificha kwamba wewe ni mnyonge wakati ng'ombe wako anaonekana malishoni.

Sasa sogeeni kwenye skrini, hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Nimewawekea maneno ya ufunguzi wa karatasi za mirathi za Uskoti za miaka ya 1500 na 1600. Yanaanza karibu sawasawa kila mara: hii ni orodha ya "guidis, geir, sowmes of money and dettis", yaani bidhaa, mali, fedha taslimu na madeni, za marehemu fulani. Linafuata jina lake, kazi yake, kijiji chake, na mwezi aliofariki. Halafu anatajwa aliyeitoa taarifa, na mara nyingi ni mjane. Mwandiko wenyewe mgumu, herufi zimejikunja kama mizizi, inabidi ujifunze kuusoma. Ukishauzoea, unaingia nyumbani kwa mtu aliyekufa miaka 400 iliyopita na unahesabu naye.

Akiwa mkulima, wanaanza na mifugo. Ng'ombe hawa, bei hii. Farasi. Kondoo, wakubwa kwa wadogo. Kisha oti na shayiri, iliyoko ghalani na ile iliyopandwa bado iko shambani, na wanakadiria itatoa kiasi gani. Bei zote ni kwa pauni za Kiskoti, na hapo msidanganyike na ukubwa wa tarakimu, kwa sababu kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1600 pauni 12 za Kiskoti zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Mwisho kabisa ndipo unakutana na vitanda, masufuria, mashuka na nguo za mwilini, na mara nyingi vyote vimefungwa kwenye mstari mmoja na bei moja. Vitu ambavyo sisi leo tunavipiga picha, wao waliviweka mkia wa orodha. Mali ilikuwa ghalani na zizini.

Halafu yanakuja madeni. Kwanza aliyokuwa anadai yeye: jirani aliyechukua mbegu, mtu wa mjini aliyenunua sufu hajalipa. Baada ya hapo aliyokuwa anadaiwa: kodi ya shamba kwa bwana mwenye ardhi, mshahara wa mtumishi wa kike, mshahara wa kijana wa kuchunga. Wote hao wanatajwa. Ndipo mwandishi wa mahakama anapiga hesabu na kuandika kile kinachobaki madeni yakishatolewa. Wanakiita "frie geir". Mali huru.

Ndugu zangu, niruhusuni nitue hapa kidogo. Katika karatasi hizi zote, mali ya mtu ni hiyo iliyo huru. Ile ya juu, kabla ya madeni, ni jumla tu ya njiani. Na wapo ambao mstari wao wa mwisho unasema madeni yamezidi mali, basi, hesabu imefungwa, hakuna cha kugawa. Unaweza ukawa umeona ng'ombe kibao ukurasa wa kwanza, ukafika chini ukakuta hakuna kitu. Nawaambia hili wadogo zangu mnaoniandikia kila siku mkiniuliza habari za maisha ya huku, mmemwona mtu fulani kwenye simu na gari jipya. Gari ni la mkopo. Simu ni ya mkataba. Nyumba ni ya benki kwa miaka 25 ijayo. Simlaumu, mimi mwenyewe nalipa yangu kila mwezi, ndivyo nchi hii inavyokwenda. Lakini msimpime mtu kwa ukurasa wa kwanza, na zaidi sana msijidharau ninyi wenye kiwanja kidogo na mbuzi wenu ambao hakuna mtu anayewadai.

Mali huru ikishapatikana, inagawanywa mafungu matatu kama ameacha mke na watoto. Theluthi ya mjane. Theluthi ya watoto. Na theluthi ya mwisho wanaiita fungu la marehemu, ndiyo pekee aliyoweza kuiusia apendavyo. Najua Waislamu wenzangu wa Tanga na Unguja hapo mmeshaitikia: madeni kwanza, kisha wasia usiozidi theluthi. Mafungu ya warithi hayafanani, na sheria hizi mbili zimetoka chemchemi tofauti, lakini mzee wa Kiislamu ungemkalisha na karani wa Edinburgh wa mwaka 1600 wangeelewana kwa mengi. Sheria hii bado iko hai. Mpaka leo, Uskoti, mzazi hawezi kumnyima mtoto wake kabisa fungu katika mali inayohamishika, hata aandike wosia wa namna gani.

Nimesema inayohamishika, na hilo ni muhimu. Gear haikuwa ardhi. Ardhi ilikuwa na njia yake, ilikwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, na mpaka 1868 hukuweza hata kuiusia kwa wosia wa kawaida. Maana yake wadogo zake na mabinti walikuwa wanaishi kwa gear. Kwao, ng'ombe wale na shayiri ile ndiyo ilikuwa mahari, ada ya kujifunza ufundi, nauli ya kuondokea. Na mwanamke akiolewa, mali yake inayohamishika iliingia mikononi mwa mume. Hilo lilidumu mpaka sheria ya 1881. Mimi naliona ni dhuluma iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Heshima nayo ilikuwa na neno lake, "honest". Leo linamaanisha mkweli, lakini katika Kiskoti cha zamani "honest man" alikuwa mtu wa kuheshimika, mwenye nafasi yake mjini. Kwa hiyo gear na heshima vilitembea pamoja kwa muda mrefu, na ni rahisi kuona hatari yake. Maskini atakuwaje mtu wa heshima kama kipimo ni ghala?

Aliyelishika swali hilo ni mshairi Robert Burns. Baba yake alikuwa mkulima mpangaji, akagombana na mwenye shamba mahakamani, akafa 1784 akiwa amechoka na karibu amefilisika. Robert na ndugu zake walijiandikisha kama wadai wa mishahara yao wenyewe, wakaokoa sehemu ya mali isiende yote, wakaanza upya shamba la Mossgiel. Huyu kijana alijua gear ni nini. Mei 1786 akamwandikia shairi la nasaha kijana mwenzake, na ndani yake kuna mistari ambayo Waskoti wengi wanaijua kwa moyo: "gather gear by ev'ry wile that's justified by honour". Kusanya mali kwa kila mbinu ambayo heshima inairuhusu. Anaendelea: si kwa ajili ya kuificha kichakani, wala kwa ajili ya kuwa na msafara wa watumishi, ila kwa ile fahari ya kutomtegemea mtu. Miaka tisa baadaye, 1795, akaandika wimbo unaosema mtu mwenye heshima, hata awe maskini wa namna gani, ndiye mfalme wa watu. Hapo ndipo alipolivua lile neno "honest" mavazi yake ya kitajiri. Wimbo huo ndio ulioimbwa Bunge la Uskoti lilipofunguliwa rasmi Julai 1, 1999.

Mimi nampenda Burns. Na kwa sababu nampenda, lazima niwaambie yaliyobaki. Mwaka ule ule wa 1786, wakati anaandika habari za mali inayoruhusiwa na heshima, alikuwa anajiandaa kupanda meli kwenda Jamaica kuwa karani katika shamba la miwa linalolimwa na watumwa. Hakwenda. Mashairi yake yalichapishwa katika mji wa Kilmarnock Julai hiyo, nakala 612, yakanunuliwa haraka, akaja huku Edinburgh badala yake. Lakini alikuwa anakwenda. Na vijana wengi wa Kiskoti walikwenda kweli, wakarudi na gear ya kujengea majumba. Ukifika Glasgow utatembea Jamaica Street, Virginia Street, Glassford Street. John Glassford alikuwa tajiri wa tumbaku, na tumbaku hiyo ilivunwa na watu wetu.

Orodha za mirathi za Jamaica za wakati ule ni ngumu kuzisoma. Zina ng'ombe, zina nyumbu, zina masufuria ya kuchemshia sukari, na zina watu. Jina, na mbele ya jina bei. Mwanamume, mwanamke, mtoto. Hapo gear imefika mahali ambapo moyo wangu unakataa kuendelea.

Kuna mtu mmoja aliyekataa kuhesabiwa hivyo, na alikatalia hapa hapa mjini. Joseph Knight alizaliwa Afrika, akachukuliwa mtoto mpaka Jamaica, akanunuliwa na John Wedderburn. Huyu Wedderburn baba yake alinyongwa kwa uasi baada ya vita vya Culloden vya 1746, ambapo waasi walishindwa na jeshi la mfalme, familia ikapoteza kila kitu, naye akaenda Jamaica kutafuta mali upya akaipata. Mwaka 1769 akarudi Uskoti na kumleta Knight kama mtumishi wa ndani, nyumbani kwake Ballindean, Perthshire. Knight akampenda Ann Thomson, mtumishi mwenzake, wakaoana. Akataka kuondoka akaishi na mke wake na kulipwa kwa kazi yake. Wedderburn akaita askari. Kesi ikaanzia kwa mahakimu wa chini, ambao walimpa haki Wedderburn. Knight hakunyamaza, akapeleka kwa sherifu wa Perth, ambaye huku ni jaji wa eneo, siyo polisi, na 1774 sherifu akasema utumwa hautambuliwi na sheria za nchi hii. Wedderburn akakata rufaa mpaka mahakama kuu, pale Parliament House, dakika chache kwa miguu kutoka hapa nilipo. Januari 15, 1778, majaji wengi wakakubaliana na sherifu: mamlaka ambayo Wedderburn alidai kuwa nayo juu ya mtu huyu kwa sheria ya Jamaica hayana nguvu katika ardhi ya Uskoti.

Hukumu hiyo ilitoka miaka minane kabla ya Burns kutaka kupanda meli. Meli za sukari ziliendelea kuja bandarini, na huko Jamaica watu waliendelea kuandikwa bei kwa zaidi ya nusu karne.

Karatasi za kesi ya Knight zimo ndani ya jengo hili, pamoja na maelezo yake aliyoyatoa mahakamani. Ninaomba nafasi ya kuziona, na nikiruhusiwa kupiga picha nitawaonyesha kwenye video ijayo, ukurasa kwa ukurasa, tuzisome pamoja. Kwa wale mnaosoma historia chuoni: faharasa ya wosia za Uskoti, kuanzia 1513 mpaka 1925, iko mtandaoni kwenye ScotlandsPeople na kutafuta jina ni bure, utalipia tu ukitaka kuiona picha ya karatasi yenyewe. Maswali yawekeni hapo chini, nitayajibu usiku wa leo nikishatoka kazini.