Kabla ya kuuliza kilo, uliza tabia: mhadhara kwa wafugaji wa kuku wa uani

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, kaka zangu, poleni na kazi.

Nimeombwa niseme kuhusu kuku wa uani: aina gani umchukue, na jogoo gani umweke. Tukienda kununua kuku huwa tunauliza anafika kilo ngapi, anataga mayai mangapi, anakula kiasi gani. Maswali mazuri hayo. Lakini nani hapa aliwahi kumuuliza muuzaji, "Jogoo huyu ana tabia gani?" Na uani kwetu anayemwaga pumba asubuhi ni mtoto, na anayeingiza mkono kiotani kutoa mayai ni bibi. Mwenye kuku yuko kazini. Wanaoishi na tabia ya jogoo ni hao wawili.

Jogoo akimrukia mtu hupiga kwa miguu, na nyuma ya mguu ana kipi, ule mwiba mgumu unaozidi kurefuka kila mwaka. Mtu mzima ataumia ugoko. Mtoto wa miaka miwili au mitatu, jicho lake liko palepale kipi kinapofika. Ndiyo maana mimi tabia naiweka mbele ya uzito, na sitarudi nyuma katika hilo.

Sasa aina. Najua wengi hapa mnampenda kuchi, na mimi simdharau. Ni ndege wa fahari: mrefu, kifua wima, miguu minene, jogoo anafika kilo 3 na wengine huzidi. Lakini tujue ni nani. Vinasaba vya kuchi, upande wa mama, vimeonekana kukaribiana na vya Shamo, kuku wa mapigano wa Japani. Ugomvi umo katika damu yake, na mitetea wake hutaga kidogo. Kama una eneo kubwa na unawatenganisha majogoo, mfuge. Kama uani kwako wanacheza watoto wa nyumba tatu, achana naye.

Yule mweusi mwenye mng'ao wa kijani, tunayemwita kuku wa Malawi, huyo ndiye ningempa mtu anayeanza. Kwao anaitwa Australorp. Waaustralia walimpata kutokana na kuku weusi wa Orpington waliotoka Uingereza, na msimu wa 1922 hadi 1923 mitetea 6 wa aina hiyo walitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Utagaji wa namna ile ulikuwa wa mashindano, usiutarajie kwa pumba na mabaki ya ugali. Upole wake, lakini, utauona: ni mzito, hana papara, ukimshika anatulia. Angalizo ni kwamba sokoni kila kuku mweusi siku hizi ni "Malawi". Omba kuwaona wazazi wake.

Kuroiler wa India na Sasso wa Ufaransa nao ni watulivu na wanakua haraka. Wanakula sana, na kwa kawaida hawaatamii, kwa hiyo ukitaka vifaranga utahitaji koo, yaani kuku mama, wa kienyeji au mashine. Na kuku wetu wa kienyeji, siwezi kusema ni mpole wala mkali, kwa sababu wamechanganyika mno. Humo humo kwenye banda moja utapata wote. Ila koo mwenye vifaranga akikurukia usimhesabie ukorofi. Anawalinda na mwewe na kunguru, na tunamtaka hivyo hivyo.

Kuna watakaosema tukichagua upole tutapata kuku goigoi. Huko Uswidi, Chuo Kikuu cha Linköping, watafiti walichukua kuku wekundu wa porini, wale ambao ndio asili ya kuku wa kufugwa, wakawagawa. Ukoo mmoja wakawazalisha wale tu wasiomwogopa binadamu, kizazi hadi kizazi. Uzito hawakuuchagua. Baada ya vizazi vichache ndege wa ukoo ule walikuwa wakubwa kuliko wenzao waoga, na mayai yao yalikuwa makubwa pia.

Tuje kwa jogoo, maana nusu ya kila kifaranga ni yeye. Mtetea mkorofi atakuharibia vifaranga wake tu, jogoo mkorofi atakuharibia wa banda zima. Usimchague pora, jogoo mchanga wa miezi minne. Wakati huo wote ni wapole. Subiri apite miezi minane, damu imemchemka, ndipo umtazame.

Mmwagie mahindi kidogo. Jogoo mzuri huwaita mitetea kwa kale kasauti ka haraka, anaokota punje na kuidondosha mbele yao, yeye anakula mwisho. Kisha pita karibu naye. Anatakiwa akupishe bila kukimbia. Akikujia ubavu, ameshusha bawa moja, anakukazia jicho, huyo anakupima. Mwache hapo hapo. Wageuze na mitetea anaokaa nao: migongo iliyonyonyoka manyoya inakueleza mengi. Na uliza alikulia wapi. Aliyekua pamoja na kuku wakubwa amefunzwa adabu kwa kudonolewa. Yule aliyelelewa peke yake ndani, akipakatwa na watoto, mara nyingi ndiye anayegeuka, kwa sababu hajajifunza kukupisha.

Mama pale mbele ameuliza kama bila jogoo kuku watataga. Watataga, mama. Jogoo ni wa vifaranga. Ukiwa na mitetea minne kwenye nyumba ya kupanga, na jirani anayelala mchana kwa sababu ya zamu za usiku, usimweke. Ukimweka, mpe mitetea 8 hadi 10, wasichoke.

Na akishamrukia mtu? Usimpige teke, unamfundisha kupigana. Wako wanaomshika na kumbeba mpaka atulie, na kwa wengine inasaidia. Lakini jogoo aliyemrukia mtoto mara mbili, mimi nasema aende chunguni. Usimuuzie mwenzako bila kumwambia.

Mwisho ni kumbadilisha. Baada ya mwaka mmoja hivi mabinti zake wameanza kutaga, na hatutaki awapande. Tafuta jogoo wa ukoo mwingine, hakikisha amepata chanjo ya ugonjwa wa mdondo, yaani kideri, mtenge wiki mbili au tatu kabla ya kumchanganya. Mbegu ya yule wa zamani hukaa ndani ya mtetea kwa wiki mbili, pengine tatu. Mayai ya wiki hizo yaleni. Ya kuatamisha anzeni kuyakusanya wiki ya nne tangu jogoo wa zamani aondoke.