Bruddah Iz: sauti mnayoijua, mtu msiyemjua

Hamjambo ndugu zangu wa Mombasa, Tanga, Unguja na kote mnakonifuatilia! Leo niko Oahu, Hawaii, na nina hamu ya kuwasimulia habari za Israel Kamakawiwoʻole. Jina linawapiga chenga? Sauti yake mnaijua: ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne, kisha mwanamume anaimba polepole “Over the Rainbow”, wimbo wa upinde wa mvua. Wenyeji wanamwita Bruddah Iz, yaani Kaka Iz.

Wimbo ule aliurekodi mwaka 1988 hapa Honolulu, mnamo saa tisa usiku. Fundi wa studio alikuwa anataka kufunga aende zake kulala. Mara likaingia pandikizi la mtu limeshika kiukulele, mlinzi akahangaika kumtafutia kiti cha chuma kitakachomhimili. Iz akaketi, akaimba mara moja tu, basi. Kanda ikakaa hadi mwaka 1993, ilipotoka albamu ya Facing Future.

Lakini jamani, msiishie hapo. Albamu hiyohiyo inafunguliwa na “Hawaiʻi ’78”, na kwangu mimi huo ndio wimbo wake mkuu. Anauliza: mfalme na malkia wa kale wangerudi leo, wakakuta barabara kuu juu ya ardhi yao takatifu na taa za kuongozea magari, wangejisikiaje? Sauti ni ileile laini, ila humo mna uchungu wa nchi nzima. Hawaii ilikuwa ufalme huru kabla ya kuwa jimbo la Marekani; Malkia Liliʻuokalani alipinduliwa mwaka 1893, wanajeshi wa Marekani wakiwa wameshateremka melini. Mwaka 1896 Kihawaii kikaondolewa kwenye ufundishaji shuleni. Ninyi mliochapwa viboko darasani kwa kuongea lugha ya nyumbani, hili halihitaji maelezo. Ukoo wa mama yake Iz unatoka Niʻihau, kisiwa ambacho Kihawaii hakikuzimika, naye akakiimba mbele ya watu bila kuona haya.

Unene ulimtesa sana. Kaka yake Skippy, waliyeanza naye bendi mwaka 1976, alifariki kwa moyo mwaka 1982. Iz mwenyewe alituacha tarehe 26 Juni 1997, ana miaka 38 tu. Jeneza lake la koa, mti wa huku Hawaii, liliwekwa katika jengo la serikali ya jimbo, heshima ambayo hapo kabla walipewa wanasiasa tu, na maelfu wakapanga foleni kumuaga.

Sasa nawaomba, kautafuteni “Hawaiʻi ’78”, muusikilize mpaka mwisho, halafu mniandikie hapo chini umewagusa wapi.